Mume wangu alimwambia mama yake kwamba niko likizo

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 29 na ndoa yangu ina miezi minane. Nakuandikia usiku, mume wangu amelala, na mama yake amelala chumba cha pili, kile ambacho hadi miezi miwili iliyopita kilikuwa chumba changu cha kazi.

Kwa miaka sita nilikuwa dizaina kwenye kiwanda cha uchapaji. Mabango, vipeperushi, kalenda, vitabu vya risiti, majalada. Kazi niliipenda na niliijua: nikishika karatasi iliyotoka tu mashineni, naweza kukuambia ni wino gani umezidi. Lakini miaka miwili ya mwisho kazi zilipungua. Wateja waliokuwa wakichapa vipeperushi elfu mbili wakawa wanataka picha moja tu ya kurusha kwenye simu. Nikaanza kujifunza usiku dizaini ya programu za simu, hii inayoitwa UX: kuzungumza na watumiaji, kupanga hatua wanazopitia, kuchora skrini na kuzijaribu. Nikaona huku ndiko ninakotaka kwenda.

Mume wangu nilimweleza yote tukiwa bado wachumba. Nilimwambia nitaacha kazi, nina akiba ya kutoa sehemu yangu ya matumizi ya nyumba kwa miezi saba, nitasoma na kuandaa potfolio, yaani mkusanyiko wa kazi zangu wa kuwaonyesha waajiri, kisha nitatafuta kazi. Alisema, "Anza, mimi nipo." Miezi mitatu baada ya harusi nikaandika barua ya kuacha kazi. Huu ni mwezi wa tano.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu ya goti. Ni fundi cherehani, amesomesha watoto watatu kwa cherehani ya kukanyaga. Nilimpokea kwa moyo mmoja. Kila wiki mimi ndiye ninayempeleka zahanati, kwa kuwa mume wangu yuko kazini, na tunakaa kwenye benchi saa mbili, saa tatu, tukisubiri jina lake liitwe. Hapo kwenye benchi ndipo nilipopata wazo la mradi mkubwa wa potfolio yangu: programu ya kumwonyesha mgonjwa foleni imefika wapi.

Nyumbani sasa. Nikifungua kompyuta asubuhi anapita nyuma yangu, anaguna. Ananiuliza, "Likizo yako inaisha lini, mwanangu?" Mwanzoni nilidhani ananitania. Wifi yangu ndiye aliyenifumbua macho: mume wangu alimwambia mama yake kwamba niko likizo. Mwezi wa kwanza likizo, wa pili likizo, mpaka leo likizo. Kwa hiyo mama anachokiona ni mwanamke ambaye likizo yake imekwisha zamani akagoma kurudi kazini, anashinda akitazama picha huku mwanawe anatoka alfajiri. Nimemsikia akisema kwenye simu, "Mwanangu anabeba nyumba peke yake." Si kweli. Sehemu yangu natoa kila mwezi, ila nampa mume wangu mkononi na yeye ndiye anayekwenda kulipa. Hakuna mwingine anayeiona.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye simu ya video na mtu wa tano wa kunijaribia ile programu. Wanne nilishamaliza. Tuko katikati, yule dada anahangaika kutafuta namna ya kurudi nyuma, nami nimenyamaza namwangalia kama inavyotakiwa, mama mkwe akaingia na kapu la nguo chafu. Akalitua mezani, kando ya kompyuta, akasema kwa sauti, "Na hizi nazo zinasubiri likizo iishe?" Yule dada alisikia kila neno. Nikafunga kompyuta bila hata kumuaga, nikaenda kufua huku nalia.

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliangalia chini kwa muda, kisha akasema labda nirudi kiwandani kwanza, "mpaka mama aondoke." Na kweli bosi wangu wa zamani bado ananitumia ujumbe, anataka nirudi hata kwa siku chache kwa wiki. Juu ya hayo, wifi anaolewa na ameniambia nimtengenezee kadi zote za mwaliko bure, kwa sababu "si uko nyumbani tu." Nilipokataa akasema nimeanza kuringa.

Nirudi kazi ya zamani? Au nimkalishe mama mkwe nimweleze ukweli mimi mwenyewe? Nampenda mume wangu, lakini siku hizi kila nikimtazama nasikia lile neno likizo.

Mke na Dizaina


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usimweleze mama mkwe wewe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unaloweza kulifanya kesho asubuhi ukiwa na hasira, na likishafanyika halirudi. Wewe utadhani unamweleza kuhusu kazi yako. Yeye atasikia mkwe anamwambia kwamba mwanawe wa kumzaa ni mwongo. Mimi mwenyewe ni mama mkwe, nina wake wawili wa wanangu, na nakuambia kwa uaminifu: siku kama hiyo ningemtetea mwanangu kwanza na kuuliza ukweli baadaye. Neno likizo lilitoka kinywani mwa mumeo. Kinywa hicho hicho ndicho kitakacholiondoa.

Halafu mtazame mama kwa upande wake. Ameambiwa likizo. Anahesabu miezi, anaona mitano. Kwa maelezo aliyopewa, hesabu yake ni sahihi, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeanza kuguna. Lile la kapu silitetei, lilikuwa la kukudhalilisha na mumeo alipaswa kulikemea siku ile ile. Ila kuna jambo umelitaja ukapita, nami limenishika. Huyu ni mwanamke aliyelea watoto watatu kwa cherehani ya kukanyaga, na kilichoharibika ni goti. Amekaa nyumbani kwa mwanawe bila kazi, labda kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, hajui kama atakanyaga tena. Kisha mbele yake kuna kijana mwenye afya, mwenye ufundi mikononi, ambaye kwa anavyojua yeye ameamua tu kutofanya kazi. Siwezi kuingia moyoni mwake. Lakini ningekuwa mimi, ningeumia kukutazama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko kwa mumeo.

Nadhani hakusema likizo kwa ubaya. Alijua mama yake ni mtu wa aina gani, akaona akisema "mke wangu ameacha kazi miezi mitatu baada ya harusi" atakutana na maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Akatafuta neno la kumpa nafasi ya kupumua. Tatizo ni kwamba yeye ndiye aliyepumua, na wewe ndiye unayelilipia kila asubuhi. Tena sasa anataka ulilipie zaidi: urudi kiwandani ili uongo wake uwe kweli. Hilo usilikubali.

Kaa naye siku ya mapumziko, nje ya nyumba kama mnaweza, mama asiwe chumba cha pili. Usianze na "ulinidanganyia." Muulize hivi: "Ulipomwambia mama niko likizo, ulikuwa unaogopa atasema nini?" Kisha nyamaza. Umeniandikia kwamba unajua kunyamaza mtu anapohangaika mbele yako, usimpe jibu, umwache alitafute mwenyewe. Fanya hivyo hivyo. Atazungukazunguka, atataja mama, goti, gharama. Wewe subiri. Ninaamini ukimsubiri vya kutosha utasikia kitu ambacho hujakisikia bado, pengine kwamba hata yeye ana wasiwasi na mpango wenu na ameona aibu kukuambia, kwa kuwa alishasema "mimi nipo."

Akishakisema, ombi lako liwe moja, na liwe na siku. Kabla ya wiki ijayo kwisha amwendee mama yake, peke yake, wewe usiwepo. Ukiwepo, mama atajisikia amesutwa mbele ya mkwe. Maneno yasiwe mengi: "Mama, nilikosea. Sikukuambia ukweli kuhusu mke wangu. Hayuko likizo. Aliacha kazi kwa makubaliano yetu, anasomea kazi mpya, na kila mwezi anatoa sehemu yake ya matumizi. Ulipomlaumu ulimlaumu kwa kosa langu." Ile sentensi ya mwisho asiiruke. Ndiyo itakayomwezesha mama kubadilika bila kuona haya, maana lawama zote zinaangukia mahali zilipotoka.

Akikataa kabisa kusema, niandikie tena kabla hujafanya lolote. Hapo itabidi aingie mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Na wewe kuna kitu cha kurekebisha tangu mwezi huu. Acha kumkabidhi mumeo fedha kimya kimya. Chagueni bili moja ya nyumba, kwa mfano maji au umeme, ulipe wewe kwa jina lako, risiti ikae inapokaa risiti nyingine. Usimwonyeshe mtu. Nyumba ina macho, itaonekana.

Sasa nije kwenye kazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona umeanza kuitilia shaka.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye vyumba vya habari. Nilipoingia, wapangaji wa kurasa walikuwa bado wanakata safu za maandishi kwa wembe, wanazipaka nta kwa nyuma na kuzibandika kwenye karatasi nene. Programu ya kwanza ya kupanga kurasa iliyosambaa, PageMaker, ilikuwa imetoka mwaka 1985, lakini kwetu ilichelewa. Ilipofika, watu walilia. Kuna mzee mmoja aliyekuwa na jicho la ajabu, akikuambia kichwa cha habari kimekaa pembeni kwa unywele, ukipima unakuta kweli. Alichukua miezi kuizoea ile kompyuta, akigonga kitufe kimoja kimoja. Vijana waliokuja wanaijua mashine walimpita kwa kasi, na bado kurasa zake ndizo zilizosomeka. Jicho lilihama naye.

Wewe pia hujaanza kutoka sifuri. Kupanga ukurasa, kujua macho yatue wapi kwanza, kuchagua herufi, kuacha nafasi nyeupe ifanye kazi, vyote hivyo unavyo. Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alikuwa mtu wa sanaa na uchongaji kabla ya hapo. Alianza kwa kujaza miraba kwenye karatasi ya hesabu, 32 kwa 32. Usichokuwa nacho ni yale ambayo karatasi haikudai. Kipeperushi hakina hali ya intaneti kukatika. Hakina mtu anayebonyeza pasipotakiwa, wala orodha inayoanza ikiwa tupu. Skrini inayo yote hayo, na mwajiri atakapofungua potfolio yako atatafuta kama umeyafikiria. Hata rangi, ambazo kiwandani ulizihukumu kwa jicho, huku zina kipimo: mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kwa programu itakayosomwa na wagonjwa wazee kwenye benchi la zahanati, hilo si jambo dogo.

Lakini sitakuficha: soko la kuingilia ni gumu kuliko ulivyoambiwa ulipoanza. Mwaka 2022 na 2023 kampuni kubwa za teknolojia zilipunguza watu wengi. Meta, kampuni yenye Facebook, peke yake ilitangaza kuachisha kazi zaidi ya watu 11,000 mwezi Novemba 2022. Wenye uzoefu walirudi sokoni kugombea nafasi pamoja na wanaoanza. Umebakiwa na akiba ya miezi miwili. Kwa hali hiyo singeweka matumaini yote kwamba barua ya ajira itafika kabla haijakwisha.

Ndiyo maana ule ujumbe wa bosi wako wa zamani nauona kwa jicho tofauti na la mumeo. Kurudi kiwandani kwa sababu mama mkwe anaguna, hapana. Kumpa bosi siku mbili kwa wiki kwa mkataba wa miezi mitatu, bei kwa kila kazi, siku zimeandikwa, kwa kuwa umekaa na mumeo mkaona akiba inahitaji kurefushwa, huo ni uamuzi wenu. Utafanya kazi ile ile kwa mashine ile ile, na bado ni vitu viwili tofauti. Jambo la kuangalia ni mpangilio: mumeo aseme na mama kwanza, ndipo wewe umjibu bosi. Ukitangulia wewe, nyumba nzima itasema likizo imeisha.

Siku tatu zinazobaki ziwe za potfolio. Miradi mitatu inatosha, hata miwili, ilimradi kila mmoja ueleze tatizo lilikuwa la nani, ulimuuliza nini, ulijaribu nini kikashindwa, ulibadilisha nini. Usiijaze mabango ya zamani. Chukua moja, labda kile kitabu cha risiti, maana hiyo nayo ni fomu, na fomu ni nusu ya programu zote. Mwekee mumeo tarehe: mwisho wa mkataba mnakaa tena mnatazama umeomba nafasi ngapi na umeitwa wapi. Mtu anayeogopa hutulia akiona tarehe.

Mama akishajua ukweli, mpe siku chache. Asiombwe radhi wala kuombwa aombe. Kisha mwite mezani umwonyeshe ile programu ya foleni, umwambie ilianzia wapi. Nimeshangaa kusoma kwamba wazo ulilipata ukiwa umekaa naye benchini, na mpaka leo yeye hajui. Mwonyeshe michoro yako ya karatasi kabla ya ile ya skrini. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kukata karatasi. Anapima, anachora, anakata kielelezo, anambandika mteja, anarekebisha. Mchoro wako wa majaribio ndio karatasi yake. Sidhani kama utahitaji kumweleza sana. Ila usimgeuze mtu wa kufanyia majaribio siku hiyo, usimkalishe na kalamu ukimwandika. Atajiona yuko kwenye mtihani. Akitaka kushika simu mwenyewe, mwachie.

Mlango nao uwekewe utaratibu. Ukiwa kwenye simu ya video, weka kitu kimoja mlangoni ambacho kila mtu wa nyumba amekubaliana maana yake, na mumeo ndiye awaeleze. Nguo zigawanywe; goti la mama haliruhusu, lakini mumeo ana magoti mawili mazima.

Wifi ni jambo jepesi. Alipokuambia bure kwa sababu uko nyumbani, ulikuwa na haki ya kukataa. Kama unampenda, rudi umwambie kadi ni zawadi yako ya harusi: muundo mmoja, marekebisho mara mbili, uchapaji juu yake, na siku ya mwisho ya kukuletea majina. Kama humpendi kiasi hicho, baki na jibu lako la kwanza na usilieleze tena.

Na yule dada wa tano, mpigie leo, kabla ya hayo yote. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji, nawe umebakiwa na huyo mmoja. Zaidi ya hesabu, alikuwa anatafuta namna ya kurudi nyuma na hukupata kuona alibonyeza wapi. Mwombe radhi kwa kumkatia simu. Usimsimulie ya nyumbani. Mwombe dakika 20 nyingine, asubuhi, wakati mama anapumzika.